Kutia kiyoyozi katika gari la zamani: Mambo ambayo mwenye gari Kibugu anafaa kujua kabla ya kumwita fundi

GARI linaloondoka Kibugu alfajiri, ukungu ukiwa bado umeyafunika mashamba ya majani chai, hupitia hali mbili au tatu za hewa kabla ya saa sita mchana. Huanza safari vioo vikiwa vimejaa mvuke kwa ndani. Likishapita mji wa Embu na kushuka kuelekea Mwea, au likigeukia Kiritiri na sehemu za Mbeere zilizo karibu na mabwawa ya Mto Tana, abiria wale wale waliokuwa wamejikunyata ndani ya makoti huanza kufungua madirisha, na vumbi likaingia pamoja na upepo.

Chanzo cha tofauti hiyo ni Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Kwa wastani, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za selisiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, na hupata joto kwa kiasi kicho hicho anaposhuka. Ndiyo maana swali la kutia kiyoyozi katika gari la zamani halijibiwi Kibugu kama linavyojibiwa Mombasa au Garissa. Huku mlimani mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kutamani hewa baridi nyumbani kwake, lakini akaihitaji kila anapofunga safari.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kiyoyozi si kifaa kimoja kinachofungwa kwa skrubu nne na kuachwa. Ni mfumo unaogusa injini, rejeta, umeme na hata vioo vya gari. Asiyelijua hilo huenda akalipia nusu ya kazi, na nusu iliyosalia ikamgharimu injini.

Yalikotoka magari yasiyo na kiyoyozi

Kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani, katika magari yake ya mwaka 1940. Mtambo huo ulikula nafasi kubwa ya buti, na kwa kuwa haukuwa na klachi ya kuusimamisha, dereva aliyetaka kuuzima kabisa alilazimika kusimamisha injini, kufungua boneti na kuutoa mkanda. Mnamo mwaka 1954, kampuni ya Nash ilifaulu kuviweka vifaa vyote upande wa mbele wa gari, na mpangilio huo ndio unaofuatwa hadi leo.

Nchini Kenya, hata hivyo, kiyoyozi kilihesabiwa kuwa anasa kwa miaka mingi. Kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa Thika katika miaka ya 1970, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover zilizouzwa kwa wakulima na idara za serikali kwa ajili ya kazi ngumu, si kwa starehe. Peugeot 504, iliyojipatia sifa kwa kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, iliendelea kuunganishwa humu nchini hadi mwaka 2004. Nyingi kati ya hizo, pamoja na pikapu za Datsun, Toyota na Isuzu za enzi hiyo, zilikuwa na feni ya hewa ya kawaida tu.

Magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani siku hizi huwa tayari na kiyoyozi, kwani kiwango cha KS 1515 huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, suala la kukitia upya linawahusu hasa wale walioyatunza magari ya wazazi wao, wenye pikapu za shambani ambazo injini zake bado ni nzima, na wanaoyafufua magari ya kale kwa mapenzi.

Namna kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulichukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje, kama friji inavyofanya jikoni.

Kompresa, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda, huikandamiza gesi hadi ikawa na joto kali. Gesi hiyo hupelekwa kwenye kondensa, yaani wavu wa vijibomba ulio mbele ya rejeta, ambako hupoteza joto lake na kugeuka kimiminika. Kisha hupita katika chupa ya kukaushia, ambayo hunyonya unyevu na kunasa takataka, na kufika kwenye valvu ya upanuzi yenye tundu jembamba mno.

Ikishapita tundu hilo, shinikizo hushuka ghafla na kimiminika huanza kuchemka ndani ya evapareta, kisanduku cha vijibomba kilichofichwa chini ya dashibodi. Gesi ya R-134a, inayotumika katika mifumo mingi ya aina hii, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sufuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Inapochemka hulifyonza joto la hewa inayopulizwa na feni, na gesi hurudi kwa kompresa kuanza mzunguko mwingine.

Kuna tokeo jingine ambalo wengi hulisahau. Hewa inapogusa evapareta iliyo baridi, unyevu wake hugeuka matone na kuchuruzika nje kupitia bomba dogo. Hewa inayomfikia dereva huwa imepoa na kukauka.

Faida ya kwanza Kibugu ni kioo

Kukauka huko kwa hewa ndiko kunakoweza kuwa na thamani kubwa zaidi katika miteremko ya Mlima Kenya. Watu watano wakiketi ndani ya gari asubuhi ya Julai, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya manyunyu, pumzi zao hutosha kukifunika kioo cha mbele kwa dakika chache. Dereva hukifuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja huku akishika usukani kwa mwingine, na barabara yenyewe ina kona, mteremko na watoto wanaokwenda shule.

Kiyoyozi kikifanya kazi pamoja na hita, hewa hukaushwa kwanza na evapareta, kisha hupashwa moto na kupulizwa kwenye kioo. Ukungu hupungua upesi kuliko hita ikitumiwa peke yake. Katika baridi inayokaribia ile ya kugandisha maji, mifumo mingi huizima kompresa ili evapareta isigande, lakini asubuhi za kawaida za Kibugu hazifikii kiwango hicho.

Hapa ndipo uchaguzi wa vifaa unapokuwa na uzito. Ziko evapareta zinazoning'inizwa chini ya dashibodi na kupuliza hewa kwenye magoti na kifua cha dereva. Hizo ni rahisi kufunga, na zinamfaa mkazi wa joto. Anayetaka kioo kisafike anahitaji evapareta iliyounganishwa na sanduku la hita, ili hewa yake ipite katika mifereji ile ile inayoelekea kwenye kioo cha mbele. Jambo hili liamuliwe kabla ya kununua chochote, kwa sababu ni vigumu kulirekebisha baadaye.

Viko pia vipoza hewa vinavyotumia maji, ambavyo hupuliza hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Katika ukavu wa Mbeere vinaweza kuleta nafuu fulani. Katika unyevu wa Kibugu havina maana, na zaidi ya hayo huongeza mvuke ule ule unaokifunika kioo.

Injini, rejeta na umeme vikaguliwe kwanza

Kompresa hudai nguvu kutoka kwa injini, kwa kawaida kati ya kilowati 2 na 5 inapofanya kazi kwa bidii. Injini kubwa ya kisasa haihisi mzigo huo. Land Rover ya dizeli ya lita 2.25, ambayo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 62, huuhisi waziwazi. Isitoshe, injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi. Gari lililopakia mbolea na linalopanda kutoka Embu linafaa kuzimiwa kiyoyozi hadi limalize mlima. Matumizi ya mafuta nayo huongezeka, mara nyingi kwa asilimia kati ya 5 na 20, ikitegemea gari, mwendo na joto la nje.

La pili ni upoaji wa injini. Kondensa huwekwa mbele ya rejeta, kwa hivyo rejeta hupokea hewa ambayo tayari imepashwa moto. Rejeta iliyoziba nusu, ambayo ilivumilia miaka kumi katika baridi ya Kibugu, inaweza kuchemsha maji mara ya kwanza gari linapokwama kwenye msongamano karibu na Thika. Rejeta isafishwe, pampu ya maji na thamostati zikaguliwe, na feni ya umeme iongezwe mbele ya kondensa.

La tatu ni umeme. Feni ya ndani inaweza kula takriban ampea 10, feni ya kondensa kiasi kama hicho, na klachi ya sumaku ya kompresa karibu 4. Jumla ni takriban ampea 24 hata kabla ya taa na waipa kuwashwa. Dainamo ya Lucas C40 iliyofungwa katika Land Rover nyingi za kale hutoa ampea 22 pekee. Gari la aina hiyo haliwezi kubeba kiyoyozi mpaka litiwe alternata yenye nguvu zaidi, pamoja na nyaya nene, fyuzi na rilei zake. Kuunganisha feni kwa waya mwembamba uliokuwa wa redio ni kuualika moto.

La nne ni gari lenyewe. Mpira wa mlango uliooza na tundu kwenye sakafu huingiza joto na vumbi kuliko kiyoyozi kinavyoweza kuyatoa. Ukarabati huo hugharimu kidogo, na huenda ukampa mwenye gari nusu ya raha aliyokuwa akiitafuta.

Kuvikusanya vifaa

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kununua seti kamili iliyoundwa kwa ajili ya aina ya gari husika. Ya pili ni kununua seti ya jumla, ambayo fundi huilinganisha na gari. Ya tatu, inayopendwa na mafundi wa jua kali, ni kukusanya vifaa vilivyotolewa katika magari mengine, ambavyo hupatikana katika maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, maarufu kwa jina la Grogan.

Njia ya tatu haina ubaya ikifuatwa kwa uangalifu. Kompresa ndogo za Sanden na Denso zimetumika katika magari ya aina nyingi, na vipuri vyake si adimu. Hata hivyo, vipo vitu ambavyo havifai kununuliwa vikiwa vimetumika. Chupa ya kukaushia huharibika mara inapoachwa wazi, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa hadi ikashiba. Pete za mpira na mipira ya gesi nayo huzeeka. Hivyo vyote vinunuliwe vipya.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni breketi inayoishikilia kompresa kwenye injini. Puli ya kompresa isipokaa sawasawa na ile ya injini, mkanda huliwa na kukatika. Katika injini nyingi mkanda ukikatika huweza kunasa ule unaozungusha pampu ya maji, na safari ikaishia hapo. Breketi iwe ya chuma kinene, ifungwe kwenye sehemu imara ya injini, na iwe na nafasi ya kukaza mkanda.

Gesi na hatari zake

Viyoyozi vya zamani vilitumia gesi ya R-12, ambayo wanasayansi waligundua kuwa huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987, na Kenya ikauridhia mwaka 1988. Nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza kwa matumizi yake ya kawaida mwishoni mwa mwaka 1995, na zile zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010. Mwaka 2007, Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kemikali za aina hiyo chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

R-134a, iliyochukua nafasi yake, haidhuru ozoni. Lakini kilo moja ikivuja, huchangia ongezeko la joto duniani sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yaliweka ratiba ya kupunguza gesi za jamii hiyo, na Umoja wa Ulaya ulikwisha kuizuia katika magari yote mapya kuanzia mwaka 2017. Kwa gari la zamani linalotiwa kiyoyozi leo, R-134a bado ndiyo inayofaa vifaa vinavyopatikana, lakini si gesi ya kuachiliwa hewani kiholela.

Hatari ya karibu zaidi ni gesi isiyo halali. Wako wanaojaza gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi na hupoza vyema. Evapareta imo ndani ya chumba cha abiria. Ikitoboka, gesi hiyo inayowaka huwazunguka watu waliofungiwa ndani ya gari lenye nyaya na swichi zinazotoa cheche. Mwaka 2011, makontena ya meli yenye mitambo ya kupoza yalilipuka na kuua wafanyakazi baada ya kujazwa gesi bandia iliyokuwa na kemikali inayoshambulia alumini. Mwenye gari ana haki ya kuiona mitungi, na fundi anayekataa kuionyesha afaa aachwe.

Fundi naye ana yake ya kuchunga. Kimiminika cha gesi hiyo huunguza ngozi na macho kwa baridi kali, na gesi ikigusana na moto wa kuchomelea hutoa moshi wenye sumu. Glavu na miwani si mapambo.

Makosa ambayo baridi huyaficha

Baada ya vifaa kufungwa, mfumo lazima ufyonzwe hewa yote kwa pampu maalum kwa muda usiopungua dakika 30 hadi 45, kisha uachwe na kutazamwa kama kipimo kitapanda. Kikipanda, kuna tundu au unyevu. Unyevu ukibaki huganda kwenye valvu na, baada ya muda, huzaa asidi inayoila kompresa. Haraka haraka haina baraka katika hatua hii kuliko nyingine zote.

Kujaza gesi ndiko kunakohitaji uangalifu wa pekee mahali penye baridi. Shinikizo la R-134a hufuata joto la mazingira. Kwa nyuzi 15 huwa karibu mara 5 ya shinikizo la kawaida la hewa, na kwa nyuzi 35 huwa karibu mara 9. Fundi anayejaza kwa kutazama geji pekee, asubuhi ya ukungu, huona kipimo kikiwa chini na kuongeza gesi. Gari huonekana zima Kibugu. Likifika Mwea adhuhuri, shinikizo hupanda kupita kiasi, kompresa hulemewa na mipira hupasuka.

Kinga yake ni mizani. Magari madogo mengi huhitaji kati ya gramu 500 na 900, na kiasi hicho hupimwa kwa uzito, si kwa kukisia. Mfumo pia uwe na swichi ya shinikizo, inayoizima kompresa gesi ikizidi au ikipungua. Ni kifaa kidogo, na kukiacha ili kuokoa pesa ni kosa kubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kazi isikubaliwe kuwa imekamilika kwa kujaribiwa asubuhi mlimani. Gari lishushwe hadi penye joto, kipimajoto kiwekwe kwenye tundu la hewa, na geji ya maji ya injini itazamwe. Hewa inayotoka ikiwa kati ya nyuzi 5 na 10, huku injini ikidumisha joto lake la kawaida, kazi imefanyika. Matone ya maji chini ya gari ni dalili njema. Yakionekana kwenye zulia, bomba la kutolea maji limeziba na sakafu itapata kutu.

Gari lililokuwa na kiyoyozi cha R-12 kilichokufa lina utaratibu wake. Gesi iliyosalia huvutwa kwenye mtungi, si kuachiliwa. Oili ya zamani huoshwa, kwa kuwa haichanganyiki na R-134a, na mahali pake hutiwa ile ya esta. Chupa ya kukaushia na pete za mpira hubadilishwa, kisha hujazwa gesi kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali. Kibandiko chenye jina la gesi mpya huwekwa chini ya boneti ili fundi atakayefuata asichanganye.

Je, kazi hii inafaa?

Jibu linategemea safari ambazo gari hufanya. Pikapu inayotoka shambani hadi kituo cha kununulia majani chai na kurudi haihitaji kiyoyozi. Kinachoifaa ni hita iliyokarabatiwa, mifereji ya kioo iliyozibuliwa na mipira mipya ya milango. Gari linaloshuka Mbeere, Mwea au Nairobi kila wiki likiwa na wazee, watoto wachanga au wagonjwa ni jambo tofauti, na gharama yake hueleweka.

Anayeamua kuendelea aombe hesabu ya kazi nzima kwa maandishi, ikiwemo alternata, rejeta na feni, wala si bei ya kompresa na gesi peke yake. Fundi aulizwe kama ana pampu ya kufyonza hewa na mizani, na kama amefaulu katika majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda (NITA).

Baada ya hapo kiyoyozi kiwashwe kwa dakika chache kila wiki, hata katika miezi ya baridi, ili oili izunguke na pete za mpira zisikauke. Gesi haimalizwi kwa kutumiwa. Ikipungua, kuna mahali inapovujia. Usipoziba ufa utajenga ukuta: fundi anayejaza kila baada ya miezi mitatu bila kuutafuta uvujaji anamuuzia mwenye gari gesi ile ile mara nne kwa mwaka.